Viazi Vilivyokaa Baridini

Kwa miaka tisa Makandi wa Kibirichia alikuwa akimpelekea Sahra viazi vya hoteli yake mjini Meru, na kwa miaka tisa hakurudishiwa hata kimoja. Sasa magunia sita yalikuwa yamebwagwa langoni pake mchana kweupe, majirani wakitazama. Dereva alileta na maneno: chipsi zinatoka nyeusi, tena tamu kama mandazi, na Jumamosi Sahra anamwoza binti yake. Kama Makandi hana viazi vya maana, hoteli itatafuta mkulima mwingine.

Makandi hakuelewa. Alimenya kiazi kutoka gunia lililorudi, akakikaanga. Kikawa cheusi kabla hakijaiva. Akachukua kingine ghalani kwake, cha shamba lilelile, kilichochimbwa siku ileile kwa jembe lilelile. Hicho kikatoka kizuri, cha manjano, hata mgeni wa heshima ungempa. Akaketi kwenye kigoda akavitazama vyote viwili. Alifikiria mbolea ya mbuzi aliyonunua kwa jirani yake Muthomi. Alifikiria mafuta. Alipoanza kufikiria watu wenye jicho baya, akajua akili imechoka, akaacha.

Alhamisi alishuka mjini na vikapu viwili, kimoja cha viazi vilivyorudi, kimoja cha viazi vya ghalani, akavikaanga mbele ya Sahra mwenyewe. Alidhani ushahidi utamtetea. Kumbe alikuwa anajichimbia shimo.

"Kumbe viazi mzuri ziko," Sahra akasema polepole. "Zile mzuri unaweka kwako, mimi unaniletea zile mbaya. Mama Karimi, nimekukosea nini?"

Wapishi wawili waliacha kumenya, wakamtazama. Makandi aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Mwizi angalau hujua alichoiba. Yeye hakujua lolote.

Alipoinamisha macho akaona nusu gunia karibu na jiko, chini ya meza. Alilijua kwa kamba yake ya buluu na fundo alilolifunga kwa mkono wake.

"Na hii?"

"Hiyo ilibaki. Haikutoshea kwa Shueib."

"Kwa Shueib wapi?"

Shueib ni kaka yake Sahra, mfanyabiashara wa miraa, na nyuma ya duka lake ana chumba cha baridi. Sahra alieleza kwa fahari kabisa: yale magunia sita aliyalaza humo siku kumi na mbili ili yasiharibike kabla ya harusi. Miraa hukaa humo ikatoka mbichi kama iliyokatwa leo. Katika mji unaoishi kwa miraa, nani asiyejua kwamba baridi hutunza kila kitu?

Makandi akakaanga kiazi cha ile nusu gunia. Kikatoka cha manjano. Sasa walichanganyikiwa wote wawili, na Sahra akakionja mara mbili kama anayetafuta mwiba wa samaki.

Makandi akampigia simu binti yake Karimi, anayesomea kilimo chuoni Embu, akaongeza sauti ili kila mtu asikie.

"Mami, kiazi iko hai," Karimi akasema. "Ikisikia baridi, inajilinda isigande. Ndani yake kuna vimeng'enya. Hizo ni kama wafanyakazi wadogo sana, zinakatakata wanga inakuwa sukari. Sasa ukiweka hiyo sukari kwa mafuta moto, si inaungua?"

"Kama sukumawiki baada ya sakitu," Makandi akasema. Kila Julai sakitu ilipoacha shamba jeupe asubuhi, mboga iliyopona ilikuwa tamu kuliko ya mwezi uliotangulia. Alilijua hilo tangu utotoni na hakuwahi kuuliza kwa nini.

"Hiyo hiyo. Ziweke mahali pa joto kama wiki mbili, sukari itapungua. Lakini si zote zitarudi sawa."

Simu ikakatika. Sahra alijifuta mikono iliyokuwa tayari mikavu.

"Mama Karimi, nisamehe. Nimekurudishia magunia mbele ya watu, na kosa ni langu." Akatazama lile nusu gunia. "Na Jumamosi?"

"Jumamosi wageni wako watakula. Kesho asubuhi nitakuletea magunia sita kutoka ghalani. Usipeleke kwa Shueib."

"Basi keti. Chai iko tayari, tunywe tuyamalize."

Makandi alitamani kuketi. Miaka tisa si mchezo, na chai ya Sahra yenye iliki aliipenda kuliko ya nyumbani kwake. Lakini bado aliyahisi macho ya wale wapishi mgongoni, na kesho angepita tena mbele ya majirani walioona magunia yakibwagwa. Akavipachika vikapu vyake kimoja ndani ya kingine.

"Chai nitakunywa," akasema, "lakini si leo. Kiazi kimepewa wiki mbili. Na mimi nipe hizo wiki mbili."