Vijidudu Kwenye Chupa ya Chai

Ujinga wangu una shahada, tena ya uzamili. Miaka niliyofanya kazi maabara ya hospitali, mkono wangu ulizoea njia moja tu: damu, friji, mkojo, friji, kinyesi, friji. Basi niliporudi kutoka mlimani na maji ya chemchemi ya volkano, yanayotokota na makali kama maji ya betri, yenye vijidudu visivyotaka kuishi kwingine, nilifanya nini? Nikayapanga kwenye friji. Tena nikajisifu kwa usafi.

Asubuhi nikachungulia kwenye hadubini. Hakuna hata kimoja kilichojongea. Vijidudu vilivyozoea moto wa jehanamu nimeviua kwa baridi, mimi mtaalamu wao! Na mkuu wa maabara, mzee asiyejua utani, alishasema: "Mchana uniletee vilivyo hai. La sivyo mradi naufunga, urudi kwenye mikojo yako."

Nililia, sioni aibu kusema. Mradi ule niliupigania kufa na kupona. Ndipo nikakumbuka: kule mlimani vyombo viliniishia, maji ya mwisho nikayatia kwenye chupa yetu ya chai, ile ya maua mekundu. Niliiacha wapi? Jikoni nyumbani. Na jikoni kuna nani? Mama mkwe, aliyefika jana kututembelea, mtu asiyeweza kuona chombo kichafu akakiacha salama.

Nikapiga simu, ikaita weee, haikupokelewa. Nikatoka mbio na koti la maabara. Njia nzima naomba asiioshe. Nilipofika kona ya nyumbani ndipo akili ikanijia: je, kama ameyanywa? Yaani nimehurumia vijidudu kwanza, mama wa watu baadaye. Mkwe gani mimi!

Nilimkuta ameketi, mzima wa afya. Sinki linang'aa, vyombo vyote vimeoshwa na kufunikwa. Nikatupa macho kila pembe, chupa siioni.

"Shikamoo mama. Chupa ya chai umeiosha?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana." Aliangalia chini. "Nilifungua nijimiminie, nikakutana na harufu ya yai viza. Nikafunga. Nikaizungushia taulo, nikaiweka karibu na jiko isipoe."

"Sasa mbona hukumwaga?"

Akavuta kanga yake.

"Nilijua ndiyo chai yako. Mume wako alishaniambia unajitahidi, nisikuvunje moyo."

Mchana mkuu wa maabara alichungulia, akaviona vinacheza. Akauliza nimevitunza vipi. Nikamjibu nina mama mkwe mwenye adabu, naye akatia saini mradi uendelee bila kuuliza zaidi.

Jioni nilimweleza mama yote, tukacheka hadi mbavu zikatuuma. Kisha nikamchemshia chai, kwenye sufuria safi, mbele ya macho yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akanibariki mimi na kizazi changu.

Halafu akainusa.