Bwawa la Tarehe Arobaini na Moja

"Hebu igeuze tuone na nyuma," hakimu alisema, na hapo hapo Nibaran Nandi akajua siku imeharibika, kwa maana aibu yote ilikuwa huko nyuma.

Upande wa mbele, leseni yake ya uwakili haikuwa na doa: jina lake, sahihi ya jaji wa wilaya kule Madhabpur, na mihuri ishirini na saba ya zambarau, mmoja kwa kila mwaka aliosimama katika mahakama hii ndogo ya Kolabari akigombania mitaro, minazi na ng'ombe wa watu. Nyuma palikuwa na muhuri mmoja tu. Wa kijani. Wa Pakistani.

"Na huu nao?"

"Huu, mheshimiwa, ni wa zile siku tatu."

Watu benchini wakacheka chini chini. Waingereza walipoondoka mwezi wa nane waliikata Bengali vipande viwili bila kusema kwanza kisu kimepita wapi. Kolabari ikajiona iko Pakistani, ikapandisha bendera ya kijani, ikagawa peremende. Nibaran, ambaye maishani mwake hakuwahi kuchelewesha karatasi, alivuka mto kwenda Madhabpur siku hiyo hiyo, akawa wakili wa kwanza wilaya nzima kugongewa leseni na serikali mpya. Siku ya nne redio ikatangaza kwamba mstari umefuata mto: Madhabpur Pakistani, Kolabari India. Bendera ikashushwa. Wapo wanaoapa kwamba fundi cherehani wa sokoni, kwa kuchukia hasara, aliikata ile ya kwanza akaishona iwe ukanda wa kijani wa chini wa ile ya pili, ya India. Bendera ilipata dawa. Leseni haikupata.

Mahakama ilifungwa miezi mitatu. Hakimu huyu, kijana wa Kalkuta mwenye mafua yasiyokwisha, alikuwa amefika juzi.

"Waraka unasema," alisema akipenga kamasi, "wakili aliyekuwa na kesi hapa kabla ya mstari anaruhusiwa kuimalizia. Lakini athibitishe. Orodha ya mawakili iko wapi?"

"Madhabpur, mheshimiwa."

"Na jalada la kesi?"

"Lilipelekwa kunakiliwa mwezi wa saba. Madhabpur."

"Kuna chochote chenu ambacho hakiko Madhabpur?"

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa."

Shashadhar Ray, wakili wa upande wa pili, aliinuka taratibu kama mtu anayeinuka kutoka kwenye mlo mzuri. Leseni yake ilikuwa ya Kalkuta, na hakuna mstari uliowahi kuigusa. "Mheshimiwa, mzee wetu huyu sote tunampenda. Ila kwa muhuri huu, ni mgeni. Tumkaribishe chai, lakini kesi?"

"Mgeni!" Nibaran alifoka. "Wewe Shasha, nani alikuonyesha choo cha mahakama hii siku uliyokuja?"

"Maneno hayana muhuri," hakimu alikatiza. "Nataka karatasi yenye muhuri wa mahakama hii, si wa kwingine. Saa nane. Ikikosekana, mama huyu atafute wakili mwingine, au kesi naifuta."

Mama huyu alikuwa Rahima Bibi, mjane wa kijiji cha Shimulia. Kwa miaka saba alikuwa akishindana na Golok Saha, mwenye kinu cha mpunga, aliyeamka siku moja akakumbuka kwamba bwawa la samaki la mjane ni la babu yake. Wakili mwingine angempata wapi? Watano wa mjini walikula kwa Golok, na watatu waliobaki walikwisha vuka mto na masanduku yao.

Barazani Nibaran hakuweza kukaa. Alikaa, akainuka. Alifunga vifungo vya koti lake jeusi, akavifungua. Alipekua mkoba wake mara tatu, na mara ya tatu akaukung'uta, ikaanguka kalamu isiyo na nibu na kipande cha tangawizi. Ng'ambo ya mto paa la mahakama ya Madhabpur lilionekana vizuri, jekundu, kiasi cha kumfanya mtu atamani kulirushia jiwe. Jina lake lilikuwa chini ya paa lile, limeandikwa kwa wino mzuri.

Shashadhar alipita akichokonoa meno. "Dada Rahima, kwa nini unamtesa mzee wa watu? Si utahamia ng'ambo kwa Waislamu wenzako hivi karibuni? Bwawa utalibeba kichwani?"

Rahima Bibi alikuwa amekaa sakafuni akila bisi zake za mchele kutoka kwenye pindo la sari. Hakuacha kutafuna. "Nihame niende wapi, mwanangu? Samaki wangu wamehama?"

Shashadhar akaenda zake. Mjane akamtazama Nibaran akipita mbele yake, kisha akipita tena.

"Mzee Wakili, unanitia kizunguzungu. Wanataka nini hasa?"

"Karatasi, dada. Karatasi yenye muhuri wa hapa na jina langu."

"Basi?" Akafuta mkono, akatoa kopo la bati, lile la tambuu alilokuja nalo kila mara. "Hizi je?"

Ndani hamkuwa na tambuu. Mlikuwa na vijikaratasi vya tarehe, vile ambavyo mdai hupewa kila kesi inapoahirishwa ili asije akasahau siku ya kurudi. Watu wote huvitupa tarehe ikipita, au huwashia moto wa jikoni. Rahima Bibi, asiyejua kusoma, hakutupa hata kimoja. Kila kimoja kilikuwa na muhuri wa mahakama ya Kolabari, na chini yake, kwa mwandiko wa kujikunjakunja: *N. Nandi, wakili wa mdai.*

Nibaran alivihesabu. Arobaini na moja. Akahisi masikio yanamchoma, kwa kuwa zaidi ya nusu yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Katika ufundi wa kuomba tarehe hakuwa na mpinzani. Aliwahi kuomba kwa homa, kwa mafuriko, kwa harusi ya shemeji, na mara moja, yasemekana, kwa kuhara kwa ng'ombe wa hakimu, na hakimu akamshukuru.

"Unanuka karafuu, ushahidi wako," alisema.

"Chukua vyote. Kopo lilikwisha jaa. Kingine hakiingii."

Saa nane hakimu alivipanga mezani kama mtu anayecheza karata. Alinusa kimoja, akapiga chafya. Shashadhar alianza kupinga, hakimu akamwinulia leso.

"Inatosha. Bwana Nandi, utaimalizia kesi hii. Hii tu. Siku hukumu ikisomwa, unavua koti mpaka Kalkuta wakujibu ombi jipya. Na Kalkuta, nakwambia mimi ninayetoka huko, hawajibu." Akachovya kalamu. "Haya. Uko tayari kwa hoja za mwisho, au unaomba tarehe?"

"Akiomba, sitapinga," Shashadhar alisema haraka, kwa upole mno. Golok Saha, nyuma yake, alitikisa kichwa kukubali. Wao walikuwa wakisubiri tu mjane achoke, apande kivuko kama wengine.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Nibaran. Lilikuwa neno alilolizoea kuliko jina la mkewe. Tarehe moja tu, na angekuwa wakili hadi baada ya mwaka mpya. Tarehe kumi, na angezikwa na koti lake. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikohoa. Akashika kifungo cha juu cha koti, akakiona kinaning'inia kwa uzi mmoja.

Kwenye benchi la nyuma, Rahima Bibi alifungua pindo la sari, akatoa majani mawili ya tambuu, akayalaza ndani ya kopo tupu, akalifunika, Nibaran akimtazama.

"Niko tayari, mheshimiwa," Nibaran alisema.

Karani mmoja aliangusha rula.

"Bwawa la mdai," alianza, na sauti ilikuwa ya kukwaruza, ikabidi aanze upya. "Bwawa la mdai lina pande nne. Kaskazini, mgomba wa marehemu mumewe. Magharibi, njia ya ng'ombe. Kusini, kisima." Alikuwa anasema polepole kuliko alivyowahi kusema, na kalamu ya hakimu ilimfuata bila haraka. "Na mashariki..."

Mkono wake uliinuka wenyewe kuelekea dirishani, ambako mto ulikuwa unameremeta na, nyuma yake, paa jekundu. Akaushikilia hapo hewani.

"Mashariki, mheshimiwa, ni mto, nao uko pale pale ulipokuwa."