Taa Nyeusi za Kaka Lusekelo

Usiku wa jana niliota taa ya nyuma ya gari la kaka yangu imeketi kwenye beseni la maji, uani kwetu Tukuyu, inanisubiri.

Niliijua mara moja. Wiki hii Kaka Lusekelo alizipulizia taa zote mbili rangi nyeusi ya kopo, akasema gari limevaa miwani ya jua. Vijana wa pale anapooshea gari walimpigia makofi. Mimi niliona kwamba akikanyaga breki hakuna kinachoonekana, na kwamba asubuhi angempeleka mama kliniki Mbeya, kwa barabara ya milimani, ndani ya ukungu. Mama hukaa kiti cha nyuma, amejifunika blanketi. Anasema kiti cha mbele kina maneno mengi. Wakati wa chakula niliyaandaa maneno yangu vizuri, kisha nikayameza pamoja na ndizi.

"Shikamoo," nikaiambia taa, maana gari lile lilitengenezwa kabla sijazaliwa.

"Marahaba. Ni nani? Sioni."

"Subilaga. Mdogo wake Lusekelo."

"Yule asiyesema?"

"Ndiyo."

"Basi chukua msasa."

Vipande viwili vya msasa vimekaa kwenye ukingo wa beseni, vimelowa, vinaning'iniza miguu. Mkubwa ana sauti ya kukwaruza. Mdogo wake ni laini kiasi kwamba lazima uiname ndipo umsikie.

"Usituache tukauke," anasema mkubwa. "Tukikauka tunachuna. Maji na sabuni, muda wote."

"Na usikandamize," ananong'ona mdogo.

Kabla sijaanza, chupa ya thina inaingia getini. Imevaa suti na tai. Inasalimia kila mmoja kwa mkono, hata beseni.

"Binti, utajichosha bure," anasema Bwana Thina. "Mimi rangi hii naifuta mara moja. Ukipepesa macho, imekwisha."

"Akinigusa napasuka," taa inasema taratibu. "Rangi itatoka, na mimi nitatoka nayo. Mwambie hapana."

Namwambia hapana. Hakuna anayesikia. Bwana Thina amekwisha kufungua kifuniko chake na amekishika kifuani, kama mtu aliyevua kofia msibani.

"Sema tena," taa inasema.

Nasema tena. Sauti inatoka imefunikwa.

Misasa miwili inatazamana. "Huyu naye amepuliziwa," anasema mkubwa, kwa huruma.

"Basi mjaribuni kwanza pembeni," taa inasema. "Mahali pasipoonekana. Ndiyo kanuni."

Wananikalisha ndani ya beseni. Wanainua nywele zangu, wananisugua nyuma ya sikio. Maji meusi yanashuka shingoni mpaka kwenye gauni. Hakuna maumivu. Ni kama kuogeshwa na mtu asiye na haraka. Hatimaye panafunguka padogo, kiasi cha ukucha, na hapo neno linatoka likiwa safi.

"Hapana."

Bwana Thina anarudisha kifuniko chake. "Ungesema mapema, binti," anasema bila hasira, na kuondoka.

Uani hapapo tena. Bado nimekaa ndani ya beseni, lakini beseni limefungwa kamba nyuma ya gari la kaka, na gari liko milimani, linakwenda. Ukungu ni mzito kama uji. Kupitia kioo cha nyuma naona kilemba cha mama na blanketi lake. Ameegemeza kichwa, amelala. Taa imerudi mahali pake, upande wa kushoto. Nainama, nasugua.

Lori la ndizi linakuja nyuma yetu. Haliendi mbio. Lina adabu.

"Hodi," linasema. "Samahani, huko mbele kuna mtu?"

"Yupo!" nasema, lakini sauti inapita kwenye kile kitundu cha ukucha, na ukungu unaimeza.

"Sioni mtu," lori linasema kwa masikitiko. "Na nisipoona mtu, kazi yangu ni kuendelea."

Nasugua. Naongeza maji. Sikandamizi, ingawa mikono inataka. Kwenye pembe ya chini ya taa, pale inapokutana na bodi, weusi unateleza na kuacha doa jekundu. Kaka anakanyaga breki. Doa linawaka.

"Aa," lori linasema. "Hapo naona kidogo. Ni nani huyo?"

"Ni mama."

"Mama ni mkubwa kuliko hapo," linasema kwa upole kabisa, huku linakuja. "Ongeza."

Niliamshwa na mngurumo wa gari.

Kulikuwa kumekucha. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilijifunga kanga nikatoka. Mama alikuwa ameshakaa nyuma na blanketi lake, na kaka alikuwa anarudisha gari kinyumenyume.

"Subi, nifungulie geti basi! Umesimama kama nguzo ya umeme."

Nilipopita nyuma ya gari, alikanyaga breki. Taa zilibaki nyeusi kama jana. Ila kwenye pembe ya chini ya ile ya kushoto, pale inapokutana na bodi, kuliwaka doa jekundu, kiasi cha ukucha.

Niligusa nyuma ya sikio langu. Palikuwa pamelowa.

Geti sikulifungua.

"Kaka!" nikasema, na sauti ikatoka yote. "Zima gari. Taa zako hazionekani. Humpeleki mama huko milimani na taa hizo."

Kioo cha nyuma kikashuka.

"Nani huyo anayepiga kelele?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

Mama akafungua mlango, akashuka na blanketi lake mabegani, akaja kusimama karibu nami.

"Umemsikia," akamwambia kaka.