Sikio Lenye Alama Yetu

Mwaka 1996 nilikuwa nalea watoto wa mbwa mwitu kwenye kituo cha wanyamapori, nje kidogo ya Mpanda. Mama yao alikuwa amekufa. Nyama ya kwenye beseni hawakuitaka kabisa, maana mbwa mwitu humlisha mwanawe kwa kumtapikia. Basi nikawa naitafuna mimi, naitema mbele yao. Wenzangu walinicheka. Wacheke tu, watoto walinenepa, wakakua, tukawaachia porini.

Masika yaliyofuata homa ilinirudisha nyumbani Kasansa, kwa baba yangu, Mzee Manyanda. Chakula kilinishinda. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa uani naota jua, mara mbwa wetu wakanywea, wakajificha chini ya ghala.

Walikuwa wale wale niliowalea, yule aliyechechemea tangu mdogo akiwa mbele. Hawakubweka. Walikuja mmoja baada ya mwingine, wakainama, wakatapika nyama miguuni pangu, bado ina joto. Kisha wakakaa chini wakinitazama mdomo.

Katikati ya ile nyama palikuwa na sikio la ndama. Sisi Wasukuma kila ukoo hukata masikio ya ng'ombe wake kwa namna yake, na hili lilikuwa na mikato miwili ya ukoo wetu.

Baba akatokea zizini ameshika mkuki. Akaliona sikio. Akawatazama mbwa mwitu, kisha akanitazama mdomo uliojaa, mkuki ukashuka taratibu.

"Nyanzala mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "tema hiyo nyama."