Mkono Begani

Injini ilipowaka, watu wote gerejini walitabasamu kwa pamoja, na Obiero akatabasamu baada yao.

Alichelewa kidogo tu na hakuna aliyemwona. Macho yalikuwa kwenye sedani nyeusi ya Githae, boneti wazi, supachaja mpya iking'aa juu ya injini kama sufuria ya bibi harusi. Siku nne nzima Obiero na bintiye Maxine walikuwa wameliinamia gari hilo hapo Ruiru, njia ya kwenda Mwiki, wakifunga pampu hiyo ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu, wakipima belti, wakibadilisha mabomba ya petroli. Sasa ilikuwa inazunguka, na kwa maneno ya wenye masikio, ilikuwa inaimba.

"Skia hiyo kitu," Githae alisema, mkono kifuani. "Inalia kama mbu ameshiba."

"Wewe unaionaje, Mzee?" akauliza Kyalo, mchomeleaji wa kibanda cha pili.

"Iko sawa," Obiero akajibu.

Hakusikia mbu wala nzi. Alisikia ngurumo ya injini chini kule, basi. Mahali pa ule wimbo palikuwa kimya.

Na huyu ndiye mtu aliyeitwa Sikio kuanzia Ruiru hadi Thika. Tangu atoke Ugenya miaka ishirini na sita iliyopita, alikuwa akiegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini wake wa mti kwenye sikio, anafumba macho, kisha anakwambia ugonjwa ulipo. Watu walileta magari yao kusikilizwa kabla ya kuyanunua, na wengine baada ya kudanganywa. Hakuwa na shamba la maana wala kipara cha msomi. Alikuwa na sikio.

Lilianza kumtoka mwezi wa pili. Asubuhi moja, nyumbani kwao mtaani Landless, alimuuliza Maxine ndege wa pale kwenye ua walihamia wapi.

"Si hao wanapiga kelele, Baba," Maxine akasema.

Obiero akacheka kama aliyekuwa anatania, akamaliza chai yake. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hiyo aliijua vizuri. Lakini mwambie mtu aliyejengewa jina juu ya masikio yake aende hospitali akaambiwe yamekwisha, uone kama atapanda gari.

Jumapili asubuhi, barabara kuu ikiwa bado tupu, wakalitoa gari kwenda kulijaribu. Githae alishika usukani. Maxine alikaa kando yake, laptopu mapajani, waya umeingia chini ya dashibodi. Obiero alikaa nyuma, mkono wake wa kulia begani mwa bintiye. Ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka mitano. Maxine angewahisha cheche za injini kidogo kidogo ili gari lipate nguvu, na injini ikianza kugonga, ule mlio wa changarawe ndani ya mkebe, Obiero angembonyeza bega, naye angerudisha nyuma mara moja. Laptopu nayo ina njia yake ya kusikia kugonga huko, lakini kelele ya supachaja huichanganya. Obiero mwenyewe alikuwa amemwambia aizime njia hiyo.

"Hiyo mashine ni ya watu hawana baba," alimwambia, na wakacheka.

Zamani, Maxine akiwa bado mgeni wa kazi, aliwahi kurudisha kabla ya kubonyezwa. Kumbe mlio aliousikia ulikuwa wa bati lililolegea chini ya gari. Obiero alimtania juma zima. Tangu siku hiyo hakurudisha tena kabla ya mkono.

"Ongeza," Obiero akasema walipopita Kenyatta Road. Mkono ulikuwa umetulia.

"Baba?"

"Ongeza."

Maxine akaongeza. Juja ikapita kushoto. Githae alikuwa anacheka peke yake kwa raha ya mwendo. Maxine aligeuza shingo nusu, akautazama mkono ule begani, akangoja. Kabla ya Witeithie kitu kikapasuka ndani ya injini, gari likatetemeka, moshi mweupe ukafunika kioo cha nyuma.

Githae akaliegesha kando, akashuka mbio kwenda kufungua boneti. Ndani wakabaki wawili.

"Iligonga?" Obiero akauliza.

Maxine aligeuka ili baba yake aione midomo yake. Ndipo Obiero alipoelewa kwamba bintiye alikuwa amezoea kugeuka hivyo, tena kwa miezi.

"Iligonga, Baba. Tangu Kenyatta Road."

"Na mbona hukurudisha?"

"Nilikuwa nangoja mkono wako."

Obiero alikosa pa kuweka uso wake. Mtoto alikuwa amesikia vizuri, akayakana masikio yake mwenyewe ili ayaamini ya babake, na ya babake yalikuwa yamekufa. Moyo ulimuuma kama siku ya kuzika.

Githae alirudi, mikono kichwani.

"Hii gari imekufa. Maxine, umeifanyia nini?"

"Ni mimi," Maxine akasema. "Nilipeleka cheche mbele sana. Makosa ni yangu, Githae."

"Mimi nilijua. Laptop, laptop. Si ungeachia mzee kazi?"

Obiero aliisoma midomo yao na kuelewa kila neno. Angenyamaza tu, jina lake lingebaki palepale, na binti angepata gereji nyingine ambako hawajui habari hii. Alinyamaza. Lori moja lilipita, la pili, la tatu, naye bado amenyamaza, na ukimya huo wa malori matatu hajausamehe mpaka leo.

"Githae," akasema mwishowe. "Usimwangalie huyo. Huyo alisikia. Mimi ndio sikuskia."

"Sikuelewi, Mzee."

"Maskio yangu imeisha. Ata huo wimbo wa supachaja sijawahi skia. Niliona mkicheka, nikacheka."

"Baba, wacha," Maxine akasema, machozi yakimtoka.

Githae aliketi kwenye chuma cha kando ya barabara. Alitaka kukasirika na hasira haikuja.

"Si ungesema tu, Mzee," akasema.

"Injini nitakujengea upya. Mikono bado iko."

Jumatano waliifungua. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu, kingo zake zimeyeyuka. Obiero aliupitisha ukucha wa kidole gumba humo polepole, mara mbili, kisha akaiweka juu ya benchi. Kyalo alikuja, akaitazama, akaondoka bila mzaha wowote, na hilo lilimuumiza Obiero zaidi ya mzaha.

Alasiri hiyo Khamisa, mwenye kuuza mitumba kule Kamenu, aliingiza pikapu yake uani.

"Habari, Mzee Sikio. Hebu niskizie hii, inanisumbua kupanda mlima."

Obiero alisoma midomo yake akaelewa. Akaichukua bisibisi ndefu kutoka kwenye msumari wake, mpini umelainika upande mmoja kwa miaka ya kulala sikioni mwake, akampa Maxine.

Maxine aliipokea. Akainama juu ya injini, akaegemeza ncha, akauweka mpini sikioni, akafumba macho. Obiero alisimama nyuma yake, mahali pake pa siku zote. Akaliona bega la bintiye likirudi nyuma kidogo, likitafuta mkono.

Akaitia mikono yote miwili mifukoni mwa ovaroli, akasogea upande, akaukazia macho uso wa mtoto wake, akingoja aseme yeye.