Pigo la Arobaini na Tano

Msimu ulipokwisha, Odalmis alipewa kazi ya kueleza kwa nini timu ya besiboli ya mji wa Aurelia ilishindwa kupiga. Mwalimu Evaristo, aliyeifundisha timu hiyo ya kiwanda cha sukari kwa miaka kumi na minane, alimletea karatasi za michezo yote arobaini na miwili, akasema kamati inataka ripoti Jumamosi.

"Andika ukweli, binti yangu. Vijana wameshika gongo kama wanafukuza nzi. Ila usiandike hivyo, mama zao watasoma."

Karatasi hizo alizijaza Odalmis mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa mchezo, akikaa nyuma ya wavu na penseli, akiamua papo hapo mpira upi ni pigo halali na upi umepita kwa kosa la mdakaji. Uamuzi huo si mdogo. Pigo humpandisha mpigaji wastani. Kosa la mdakaji humshusha, kana kwamba hakupiga kitu.

Alihesabu kwa siku tatu, na timu ikajifunua. Vituo vilipokuwa vitupu, vijana walipata mapigo ishirini na nane katika kila zamu mia za kupiga. Wenzao walipokuwa vituoni wakingoja kuletwa kituo cha nyumbani kupata alama, mapigo yalishuka hadi kumi na tisa. Walipiga vizuri pale tu ambapo hakuna aliyewategemea. Mtu mmoja ndiye alikuwa kinyume chao: Osnay, mlinzi wa uwanja wa kati, ambaye kadiri alivyotegemewa ndivyo gongo lake lilivyotulia.

Osnay alimaliza na mapigo arobaini na manne katika zamu mia na hamsini. Lingeongezeka moja tu, angefika mia tatu katika elfu, na wachaguzi wa timu ya mkoa hawakusoma jina lililo chini ya hapo. Aliyeitwa mkoani alihamia huko. Akirudi Aurelia, alirudi kama mgeni.

Odalmis aliiweka penseli chini. Kila baada ya mchezo Osnay alikuwa akija nyuma ya wavu na kipande cha mkate wenye jamu ya mapera, akimwuliza kwa utani, "Leo umeniibia mangapi?" Naye alikuwa akimjibu kwamba mwizi haulizwi hesabu. Hakuwahi kumwambia kwamba siku zisizo na mchezo zilikuwa ndefu, wala kwamba mkate ule aliula polepole ili Osnay asiondoke upesi.

Akaitafuta karatasi ya mchezo mmoja wa Aprili. Mpira wa Osnay, wa chini na mkali, ulimgonga mdakaji wa kituo cha tatu kifundoni ukaingia majanini. Karatasi ilisema kosa. Lakini chini ya neno hilo ufutio ulikuwa umekwangua, na alama ya pigo bado ilionekana. Alikumbuka vizuri mno. Aliandika pigo, akainua macho, akamwona mchaguzi wa mkoa jukwaani akiandika naye. Ndipo akafuta.

Kwanza alitafuta mtu wa kumhakikishia kwamba alifuta kwa haki. Alikwenda kwa baiskeli hadi mji wa pili kumwona mdakaji yule, Secundino, anayetengeneza viatu. Secundino aliapa kwa jina la mama yake kwamba mpira ulidunda juu ya kokoto, wala hakuna binadamu angeudaka. Ila mdakaji gani aliwahi kukiri kosa? Odalmis akarudi na vumbi tu.

Ijumaa alimwonyesha Mwalimu Evaristo ile karatasi. Kwa desturi ya ligi, mwandishi aliweza kusahihisha uamuzi wake mpaka karatasi zipigwe mhuri, na mhuri ulikuwa kesho. Mzee aliitazama alama iliyofutwa, kisha akamtazama yeye.

"Ukibadilisha, atakwenda."

"Najua, Mwalimu."

"Na mimi utaniachia wafukuza nzi." Akavua kofia, akaivaa tena. "Jicho lako liliona nini kabla moyo haujakushika mkono?"

"Pigo."

"Basi usinitazame mimi."

Odalmis aliandika upya neno pigo, akatia sahihi pembeni. Kesho yake aliisoma ripoti yote mbele ya kamati, namba kwa namba, na alipofika kwenye jina la Osnay akasoma mapigo arobaini na tano. Barua kutoka mkoani ilifika baada ya wiki mbili. Osnay alikuja kuaga akiwa na begi begani na haraka ya mtu mwenye furaha. Alimshukuru, akacheka, akamwambia ukweli ni kwamba hata yeye alidhani siku ile mdakaji amekosea.

"Mimi niliona pigo," alisema Odalmis. Hilo alikuwa na hakika nalo. Mengine hakuyasema.

Msimu wa mkoa ulipoanza, kila mchana wa mchezo alifungua redio jikoni na kuchora karatasi yenye mstari wa mtu mmoja tu. Katika mchezo wa nne Osnay alipiga mpira wa chini, umati ukanguruma, na mtangazaji akasita kusema kama ni pigo au kosa. Odalmis alishika penseli hewani, akingoja aambiwe.