Fumbo la Mikono ya Wifi

Bi Pasi alikuwa dobi, na ulimi wake ulikuwa wa moto kuliko pasi yenyewe. Kukunja mashati ya watu miaka arobaini kulimfanya bingwa wa mchezo mmoja kwenye kompyuta ya mjukuu wake: wachezaji hukunja protini, zile nyuzi ndogo za mwilini, na wanasayansi huangalia nani kapata umbo lake sahihi.

Siku wachezaji walipoombwa kupendekeza mafumbo mapya, alitaka lake lichaguliwe, liwe liwalo. Akataja protini ya ubongoni ambayo ikijikunja vibaya, mikono hutetemeka. Penye "Kwa nini fumbo hili?" akaandika: "Wifi yangu, fundi cherehani wa mtaani kwetu, anatetemeka hadi suruali inatoka na miguu mitatu. Wateja anawaambia eti ni baridi."

Miguu mitatu ilikuwa chumvi tu. Kutetemeka kulikuwa kweli, tena siri. Wifi, dada wa marehemu mumewe, alimnong'oneza yeye peke yake, akamwapisha asiseme.

Pendekezo likashinda. Likabandikwa mbele ya wachezaji wote, neno kwa neno, na chini yake jina la Bi Pasi. Nusu ya mtaa walikuwa wakicheza. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Kesho yake mwalimu mkuu akaenda kwa fundi, akachukua vitambaa vyote vya sare kabla havijakatwa.

Bi Pasi akasimama mlangoni kama kuku aliyenyeshewa.

"Hodi, wifi."

"Ingia, mtangazaji."

"Nilitaka kuwachekesha tu."

"Wamecheka?"

"Wamecheka."

"Na fumbo, umelifumbua?"

"Bado."

"Kumbe umeniuza bure! Si ungengoja kwanza ulifumbue?"

Siku nyingine wangecheka mpaka khanga ziwavuke. Leo Bi Pasi aliketi, akatazama sakafu, pale vitambaa vilipokuwa, pamebaki vumbi la chaki.

"Nitawaandikia wanasayansi wafute."

"Fumbo liache. Tuko wengi tunaotetemeka, huenda likatufaa. Ila mimi unitoe."

"Nikikutoa, mtaa utasahau?"

Wifi akainamia sindano. Alikuwa akitunga uzi. Ukapita pembeni ya tundu, mara ya kwanza, mara ya pili. Bi Pasi akanyoosha mkono amsaidie. Wifi akaisogeza sindano mbali naye, taratibu, bila hasira.

Bi Pasi akaurudisha mkono mapajani.